Chupa ya Kabatini na Dumu la Bondeni

Swali tunaloliweka mbele yenu safari hii si geni katika parokia yetu, ila huulizwa kwa sauti ya chini, nje ya kanisa, baada ya ibada. Ni hili: je, pombe kali iliyopikwa na mama wa Kizaramo chini ya mkorosho, na pombe kali iliyopikwa na ukoo wa Kiskoti katika kiwanda chao cha mawe, zina tofauti gani mbele ya haki? Moja huwekwa katika kabati la vioo ionekane na wageni. Nyingine humwagwa na polisi, na mwenyewe akapandishwa kizimbani. Wanaouliza huwa wamekwisha kuwa na jibu lao moyoni, na majibu yenyewe ni mawili tu: ama "sheria ni sheria", ama "mnyonge hana haki". Sisi twaona kwamba yote mawili yamefika upesi mno.

Mwaka huu swali limechochewa na chupa moja ya wiski, zawadi ya kijana wetu aliyerudi kutoka masomoni Uingereza. Karatasi ya chupa ile yaeleza mengi: jina la ukoo wenye kiwanda, idadi ya miaka kinywaji kilichokaa pipani, na kwamba pipa lenyewe lilikuwa la mvinyo wa sheri. Wazee waliisoma kwa zamu, wakaipitisha mkono kwa mkono kama cheti. Mmoja akauliza, "Na gongo letu nalo likiandikwa hivi?" Watu wakacheka. Lakini swali halikuwa la kuchekesha, na ndiyo sababu tunaliandika.

Kwanza tujue tunachokisema, maana mwalimu hakubali hoja juu ya kitu kisichojulikana. Wiski ya aina hiyo hutengenezwa kwa shayiri. Nafaka hulowekwa, ikaachwa ichipue, ikakaushwa. Hicho ndicho kimea, na akina mama wetu wanaotengeneza togwa hawahitaji kufundishwa na Mskoti maana ya kimea. Kimea husagwa, kikatiwa maji ya moto mpaka utamu utoke, kisha hutiwa hamira, kikachacha kwa siku chache. Hapo imekuwa pombe ya kawaida. Ndipo hutiwa katika mitungi mikubwa ya shaba na kupashwa moto. Kileo huchemka kwenye nyuzi joto 78 hivi, na maji kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo mvuke wa kileo hutangulia, hupita katika mrija uliopozwa kwa maji baridi, ukarudi kuwa kioevu. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa mara mbili. Sasa ondoa shayiri, weka mabibo. Ondoa mtungi wa shaba, weka pipa la bati. Pitisha mrija katika maji ya kijito. Nawe uko bondeni kwetu Marui mwezi wa Novemba. Kanuni ni ileile tuliyoifundisha darasani kwa chupa ya kioo na taa ya spiriti. Hakuna fizikia ya Waskoti na fizikia ya Wazaramo.

Tofauti huanza baada ya moshi kupoa. Kinachotoka katika mrija, kule na huku, ni cheupe kama maji. Gongo letu huingia katika dumu, na kabla jua halijatua limekwisha nunuliwa. Chao huingia katika pipa la mti wa mwaloni, kikafungiwa ghalani. Rangi ile ya kahawia ambayo wengi hudhani ni ya kinywaji chenyewe imetoka katika mti na katika mvinyo uliotangulia kukaa humo. Na hapa pana kisa kinachofaa kujulikana. Sheri ni mvinyo wa mji wa Jerez, kusini mwa Hispania. Kwa muda mrefu, mpaka miaka ya 1980, ulisafirishwa kwenda Uingereza ndani ya mapipa. Mvinyo ukishaisha, mapipa yalibaki matupu, na hakuna aliyetaka gharama ya kuyarudisha. Waskoti, watu wanaosifika kwa kubana matumizi, wakayatia wiski yao. Kwa hiyo ladha ambayo leo hulipiwa fedha nyingi ilianzia katika kutotupa chombo. Mvinyo ulipoacha kusafirishwa kwa mapipa, mambo yaligeuka: siku hizi mapipa huundwa Hispania, yakatiwa sheri kwa muda, kusudi tu yaje yafae kwa wiski. Mtumishi amekuwa bwana.

Katika maghala hayo, kila mwaka kiasi cha sehemu mbili katika mia hupotea hewani kupitia mbao za pipa. Wenyewe huiita sehemu ya malaika. Kwa miaka kumi na miwili hasara hiyo si ndogo, nao huivumilia bila kulalamika.

Basi, jibu la kwanza: sheria ni sheria. Sheria yetu ya mwaka 1966, ambayo hata katika jina lake mna neno moshi, hukataza kupika, kuuza na hata kuwa na kinywaji hicho bila leseni. Nasi hatujapata kumwona mpishi wa kijijini mwenye leseni. Mtume Paulo alituagiza kutii wenye mamlaka, na hatuna nia ya kumpinga. Lakini anayejibu hivyo amejibu swali jingine. Ametuambia kwa nini mama yule ameshtakiwa. Hakutuambia kama alichokifanya ni kiovu chenyewe, ama kimekuwa kosa kwa kuwa kimekatazwa. Haya ni mambo mawili, na mtu mzima apaswa kuyatenga.

Tazama walikotoka hao wenye chupa. Katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, mabonde ya Uskoti yalikuwa yamejaa mitambo ya siri. Kodi ilikuwa kubwa, maaskari wa ushuru walikuwa wachache, na wanakijiji walificha wiski yao mapangoni na kuisafirisha usiku kwa farasi wadogo. Tukibadili farasi tukaweka baiskeli na pikipiki, tungedhani ni njia ya Mzenga. Mwaka 1823 Bunge la Uingereza likapunguza kodi na kuweka leseni ya pauni 10. Mwaka 1824 George Smith, mkulima wa bonde la Glenlivet, alichukua leseni, na majirani zake waliokuwa wakipika kwa siri walimchukia hata ikambidi kutembea na bastola mbili kiunoni. Leo jina la bonde lile lauzwa dunia nzima. Maji ya kijito hayakubadilika mwaka ule, wala shayiri, wala mikono ya wapishi. Kilichobadilika ni karatasi. Je, dhambi yaweza kuondoka bondeni kwa Sheria ya Bunge? Kosa la kuasi sheria, naam, liliondoka. Lakini kama kulikuwa na uovu mwingine wowote katika kazi ile, ulibaki pale pale. Na kama haukuwapo, basi haukuwapo hata kabla ya 1823.

Katika nchi zetu historia ya sheria hizi ina doa jingine, na si haki kulinyamazia. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na ule wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ukarudia. Waliotia sahihi walisema wanamlinda Mwafrika. Wengine walisema hivyo kwa moyo safi, kwa kuwa biashara ya pombe ya bei rahisi ilikuwa imewaharibu watu kweli kweli. Lakini ulinzi ule uliangalia rangi. Mzungu aliendelea kunywa wiski yake barazani jioni, naye mpishi wake akinywa alikuwa mkosaji. Sheria yenye historia kama hiyo ikikutwa bado mikononi mwetu, hatusemi ifutwe. Twasema ieleze upya sababu zake.

Majirani zetu wamejaribu njia mbalimbali. Uganda, mwaka 1965, ilitunga sheria ya enguli: wapishi walitakiwa kuwa na leseni na kuuza moshi wao kwa kiwanda kilichousafisha tena na kuutia katika chupa, na ndiyo asili ya Uganda Waragi. Kenya ilipiga marufuku chang'aa kwa sheria ya mwaka 1980, ikaihalalisha kwa masharti mwaka 2010. Sisi tuna Konyagi yetu ya kiwandani Dar es Salaam, na tuna gongo bondeni, na kati ya viwili hivyo hapana daraja.

Jibu la pili tunalipa heshima zaidi. Ni la wale wasemao: acheni habari za sheria, gongo huua. Hao wana makaburi ya kutuonyesha. Nairobi, mwezi wa Novemba mwaka 2000, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kunywa pombe yenye sumu. Kabale, Uganda, mwaka 2010, makumi walikufa. Kenya tena, Mei 2014, Embu, Kiambu na kwingineko, makumi kwa makumi, na wengine walionusurika walibaki vipofu. Sumu yenyewe huitwa methanoli. Ni ndugu wa kileo cha kawaida, hufanana nacho kwa macho, na mnywaji haitambui mpaka amekwisha kuimeza. Kiasi kidogo chaweza kutokea chenyewe katika pombe ya matunda, na kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 65, mpishi mwangalifu humwaga tone la kwanza. Lakini vifo vya jumla kama hivi kwa kawaida havitoki kwenye tone la kwanza. Hutoka kwa mtu aliyenunua methanoli ya viwandani, iliyokusudiwa kwa rangi na dawa za kusafishia, akaichanganya ili apate nguvu ya haraka kwa fedha kidogo. Yaani si moto wa kuni uliowaua wale watu. Aliwaua mfanyabiashara.

Na wala tusidhani kwamba leseni peke yake ni kinga. Vifo vya 2014 vilitokea miaka minne baada ya Kenya kuhalalisha. Mwezi wa Februari mwaka 2024, Kirinyaga, watu zaidi ya kumi walikufa, na serikali yenyewe ilieleza kwamba pombe ile ilikuwa imeibwa katika vielelezo vya kesi vilivyohifadhiwa kituo cha polisi. Kwetu, viroba vilikuwa halali, vikitoka viwandani na kuuzwa kila duka, hata karibu na shule, mpaka vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017. Sisi tuliofundisha miaka ile tuliviokota nyuma ya vyoo vya wanafunzi. Havikuwa na methanoli. Vilikuwa na leseni, na viliharibu watoto.

Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa Marui, wana jibu lililonyooka: vyote ni haramu, cha kabatini na cha bondeni. Ndugu zetu wa mkondo wa CMS kule Dodoma na Mpwapwa walilelewa katika mafundisho yanayokaribia hayo. Sisi wa pwani, watoto wa UMCA, tulifundishwa kiasi. Tukikubali jibu lao, swali letu lakufa mara moja, na pengine ni heri. Lakini asiyeacha kabisa hana ruhusa ya kulitumia jibu lao dhidi ya mama wa bondeni huku chupa yake ikiwa kabatini. Kama ni haramu, ianze kabatini.

Sasa turudi kwenye lile jibu la mnyonge hana haki: kwamba wiski na gongo ni kitu kimoja, tofauti ni rangi ya ngozi na ukubwa wa mfuko. Vijana hulipenda. Lina ukweli ndani yake, nasi tumekwisha kuuonyesha. Lakini lapita juu ya jambo moja kubwa, nalo ni kungoja.

Mwaka 1865 mtu mmoja aitwaye John Grant alinunua kiwanda cha Glenfarclas kwa pauni 511 na shilingi 19. Ukoo wake unakishika hadi leo, kizazi baada ya kizazi, nao hupendelea mapipa ya sheri. Fikiri maana yake. Baba hutia kinywaji pipani akijua huenda atakayekifungua ni mwanawe. Hatapata senti ya pipa lile kwa miaka kumi, kumi na mitano, ishirini. Kazi ya namna hiyo humfunga mtu: hawezi kudanganya leo kwa faida ya leo, kwa kuwa faida ya leo haipo. Kuna adabu katika kungoja. Kitu kilichongojewa hunywewa kwa kiasi pia, angalau na wengi. Huoni mtu akinywa kazi ya miaka ishirini kwa dumu.

Tukisema hivi, mara moja msomaji mwerevu atatujibu: na huyo mama wa bondeni angengoja kwa kula nini? Ni kweli. Subira ya Glenfarclas ina ng'ombe, ina shamba, ina benki, ina sheria inayolinda ghala lisivunjwe. Yeye ana mtoto atakiwaye shuleni Jumatatu. Mara nyingi tunamsifu tajiri kwa subira na kumlaumu maskini kwa pupa, na hali nusu ya subira ile ni akiba tu iliyovaa nguo ya wema. Mtu mwenye gunia la mchele husubiri mavuno vizuri kuliko asiye nalo.

Tena, hata Waskoti hawakungoja wote kwa hiari. Huko nyuma maskini wa miji yao walikunywa moshi uleule mweupe, mkali, uliotoka juzi. Ni katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1915, serikali ya Uingereza ilipoona wafanyakazi wa viwanda vya silaha wanalewa mno, ndipo ikatunga sheria kwamba pombe kali isiuzwe kabla ya kukaa ghalani miaka miwili. Mwaka uliofuata ikawa mitatu. Miaka hiyo mitatu ndiyo bado kima cha chini cha wiski ya Uskoti. Yaani kule sheria iliwapa wapishi ruhusa, halafu ikawalazimisha kungoja. Huku iliwanyima ruhusa, na aliyenyimwa ruhusa hawezi kungoja: pipa la miaka mitatu ni kielelezo cha kesi kilichokaa miaka mitatu kikisubiri kukamatwa. Anayejificha hufanya haraka, na anayefanya haraka hukosea.

Lakini kungoja si kila kitu, na mfano wa Goa unatuonya tusilitukuze pipa kupita kiasi. Mkorosho si mti wetu wa asili. Wareno waliutoa Brazili katika karne ya 16, wakaupanda Goa na katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Wagoa, ambao baadhi yao ni Wakristo kama sisi na tumeishi nao Dar es Salaam na Unguja, hawakuacha mabibo yaoze. Hukamua maji yake, wakayachachusha, wakayapika; moshi wa kwanza huuita urrak, na wakiupika tena hupata feni. Ndugu zetu wa Mtwara na Lindi wanaoita pombe yao ya mabibo uraka watasikia jina la jamaa. Feni mara nyingi hainywi miaka ya mtu pipani. Hupikwa na familia za vijijini, katika msimu wa mabibo, kama sisi. Hata hivyo mwaka 2009 ilisajiliwa rasmi India kuwa kinywaji cha Goa, na mtu wa kwingine haruhusiwi kukiita chake kwa jina hilo. Bibo ni lile lile. Moto ni ule ule. Mpishi wa Goa si tajiri kama Grant.

Kinachowaunganisha Mgoa na Mskoti, basi, ni nini? Twaona ni jina. Kila mmoja ametia jina la ukoo wake, au la nchi yake, juu ya kinywaji, na mnywaji akidhurika anajua aende kwa nani. Anayeandika jina la babu yake juu ya chupa hatatia humo maji ya betri, si kwa sababu ni mtakatifu, bali kwa sababu babu yake ataulizwa. Gongo halina jina. Hupita mikono mitatu, minne, kutoka bonde hadi kijiwe cha Mlandizi. Mpishi hamjui mnywaji, mnywaji hamjui mpishi, na katikati yupo mwenye pikipiki aliyeliongeza kitu njiani. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini yule mgema wa zamani alipanda mnazi mbele ya macho ya watu, na tembo lake likiwa baya alikutana nao kesho asubuhi kisimani. Hata kosa lake lilikuwa na uso.

Tuliwahi kuzungumza na mama mmoja wa mpishi hao, mjane, baada ya kuachiwa kwa faini. Hatutataja jina wala kitongoji. Tuliwafundisha watoto wake, kabla karo ya shule za msingi haijaondolewa mwaka 2001. Tulimwuliza kama yeye mwenyewe hulinywa. Akasema, "La, Mwalimu, mimi hapana." Na wanao wakubwa? Akanyamaza kidogo, akasema, "Sitaki walionje. Ndiyo maana niliwasomesha."

Tukamwambia, "Lakini mama, wanaokunywa nao wana mama zao."

Akatuangalia. "Wanaokunywa ni watu wazima, Mwalimu, wanakuja kwa miguu yao. Na nyinyi pale shuleni mlipopokea ada zangu, mlizinusa kwanza?"

Hatukuzinusa, na hata leo hatuoni kwamba ilitupasa. Mtoto hakupika. Dawati si kizimba cha mahakama. Lakini jibu lake la kwanza ndilo lililobaki nasi, kuliko hilo la pili lililokuwa kali zaidi. Hataki wanawe walionje. Akina Grant, kama koo zote za namna hiyo, hunywa cha kwao kwenye arusi za watoto wao. Mama yule huuza kwa watoto wa wenzake kitu ambacho hawezi kukiweka mezani pake. Nabii Habakuki alimtamkia ole mtu ampaye jirani yake kileo ili amlevye. Hakuuliza kama jirani alikuja kwa miguu yake. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo kosa lilipo, si katika moto wala mrija wala bibo, na lingekuwapo hata kama angekuwa na leseni ukutani. Lipo vile vile kwa mwenye baa aliyeandikishwa, anayemwongezea chupa mteja asiyeweza tena kusimama, huku akiwakataza wanawe kupita karibu na kaunta.

Kwa sababu hiyo hatukubaliani na uamuzi tuliousikia katika parokia moja, ambako sadaka ya bati ya mpishi wa gongo ilirudishwa, na katika harambee ileile bati za mwenye baa zikapokelewa kwa makofi. Makuhani wakuu walikataa kutia hazinani vile vipande thelathini vya fedha kwa kuwa vilikuwa bei ya damu. Walikuwa wepesi wa kutambua fedha chafu ilipokwisha kutoka mikononi mwao wenyewe. Ama zote zirudishwe, ama zote zipokewe na wote wawili waitwe pembeni waambiwe ukweli. Sisi twachagua la pili. Anayerudishiwa sadaka yake harudi kanisani, na asiporudi hakuna wa kumwambia neno.

Tena hatuwezi kumwambia aache bila kusema aende wapi. Msimu unakaribia. Kuanzia Oktoba mabibo yatadondoka tena katika mashamba yote kutoka Marui hadi Maneromango, na bibo moja huwa na uzito mara kadhaa kuliko korosho inayoning'inia chini yake. Korosho huenda ghalani, bibo hubaki kwa nzi. Maji yake yana vitamini C nyingi kuliko ya chungwa. Utafiti wa Naliendele, Mtwara, umeonyesha kwamba mabibo yafaa kwa maji ya matunda, jamu na mvinyo. Baadhi ya akina mama wa parokia yetu wametaka kujaribu, nao wameuliza maswali mazuri: chupa zitatoka wapi, sukari itanunuliwa na nani, bibo lisilokaa zaidi ya siku moja litafikaje Kisarawe kabla halijachacha lenyewe. Mjane yule alikuwapo katika mkutano wao. Alikaa nyuma, akasikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza jamu itauzwa kwa nani. Hakuna aliyemjibu, maana jamu ya mabibo hapa Marui bado haina mnunuzi, na gongo hununuliwa likiwa la moto.